Ni Nani Mwingine Aliyesikia? Somo juu ya Kuchagua Jukwaa la Video kwa Tiba ya Mazungumzo

Mwezi huu twawaletea somo ambalo wazee wetu hawakulihitaji. Katika siku zao mtu mwenye uchungu wa nafsi aliketi uso kwa uso na yule aliyemsikiliza, mlango ukafungwa, na maneno yakabaki baina ya watu wawili. Siku hizi wengi hutibiwa kwa mazungumzo ya video. Mshauri yuko Dar es Salaam au Nairobi, mwenye kushauriwa yuko kijijini, nao huonana kwa simu au kwa kompyuta. Ni jambo jema, maana wataalamu wa afya ya akili ni wachache na safari ni ndefu. Hata hospitali yetu ya Lutindi katika milima ya Usambara, iliyotunza wagonjwa wa akili kwa zaidi ya miaka 100, haiwezi kumfikia kila mwenye huzuni nyumbani kwake.

Walakini kati ya watu wale wawili sasa yuko wa tatu. Huyo ni jukwaa, yaani ile programu ichukuayo sura na sauti zao kutoka huku hata huko. Tumchagueje huyu wa tatu, asije akawa mtoa siri? Hilo ndilo somo letu. Hatusemi kama mafundi, maana sisi si mafundi. Twasema kama watu waliokosa, wakajifunza baada ya kukosa.

KOSA LETU

Katika usharika wetu yuko mama mmoja, mwalimu wa shule, aliyefiwa na mumewe. Miezi ikapita naye hapati usingizi, hata watoto wake wakaanza kumwogopa. Tukamtafutia mshauri mwenye elimu ya kazi hiyo, akakubali kusema naye kwa video kila juma. Kwa kuwa simu ya mama ilikuwa mbovu, tukampa chumba cha ofisi, na kompyuta ya ofisi, na akaunti ile ile ya jukwaa tuliyoitumia kwa vikao vya kamati. Tukafunga mlango, tukaenda zetu, tukajiona tumefanya vema.

Hatukujua ya kuwa akaunti ile ilikuwa imewekwa ili irekodi kila kikao yenyewe. Ilifanywa hivyo zamani, kwa kumsaidia mwandishi wa kumbukumbu za kamati. Alama ndogo nyekundu ilionekana pembeni mwa kioo, lakini mama hakujua maana yake. Naye mshauri, alipoona kwamba kompyuta ni ya kanisa, alidhani tumekwisha kupatana na mama juu ya jambo hilo. Basi mazungumzo ya saa nzima yakahifadhiwa, na habari ya rekodi ikaletwa katika barua pepe ya ofisi, ambayo watu 5 walikuwa na ruhusa ya kuifungua. Mtunza hazina akaifungua, akidhani ni kikao cha fedha. Akasikia dakika chache kabla ya kuitambua sauti. Akaizima, akaja kwetu huku mikono yake ikitetemeka.

Tulimwendea yule mama sisi wenyewe, tukamwambia yote. Hakulia, wala hakutukaripia. Aliuliza neno moja tu: "Mchungaji, ni nani mwingine aliyesikia?" Nasi hatukuweza kumjibu kwa hakika. Rekodi tuliifuta siku ile ile, lakini maji yakimwagika hayazoleki. Kwa muda wa miezi 2 hakutaka kumwona mshauri, wala hakutaka kutuona sisi. Baadaye ametupa ruhusa kuyaandika haya pasipo jina lake, akisema, "Andikeni, wengine wasifanyiwe hivyo."

Yote tunayosema hapa chini yametoka katika swali lile la mama. Kila jukwaa tulipime kwa swali hilo: ni nani mwingine awezaye kusikia, leo au baadaye?

NENO LA 1: NI NANI ASHIKAYE UFUNGUO?

Fikirini barua. Mtu aweza kuiandika wazi, na kila mchukuzi njiani akaisoma. Aweza pia kuitia ndani ya sanduku lenye kufuli, na hapo ndipo yatupasa kuuliza: funguo ziko kwa nani? Kama funguo ziko kwa mwandikaji na mwandikiwa peke yao, mchukuzi hubeba asichoweza kukifungua. Kama mchukuzi naye ana ufunguo, kufuli lawazuia wezi wa njiani, lakini halimzuii yeye.

Majukwaa ya video hufanya vivyo hivyo. Karibu yote hubadili sauti na picha kuwa fumbo lisilosomeka yakiwa safarini, na kazi hiyo huitwa usimbaji. Lakini iko namna 2. Katika namna ya kwanza fumbo hufumbuliwa katikati ya njia, kwenye seva za kampuni, kisha hufumbwa tena na kuendelea na safari. Hapo kampuni inao ufunguo. Katika namna ya pili, iitwayo usimbaji wa mwisho hadi mwisho, fumbo halifumbuliwi mpaka lifike katika chombo cha yule anayezungumza nawe. Kampuni hubeba tu, isijue ibebacho.

Mtu asidhani kwamba tofauti hii ni ndogo. Mwezi wa Novemba 2020 tume ya serikali ya Marekani ilindayo wanunuzi iliishitaki kampuni ya Zoom. Ilisema kwamba tangu mwaka 2016 kampuni hiyo iliwaambia watu ya kuwa mikutano yao imesimbwa mwisho hadi mwisho, hali funguo zilikuwa mikononi mwa kampuni yenyewe. Tume ilisema tena kwamba rekodi nyingine zilikaa kwenye seva pasipo kusimbwa kwa muda wa hata siku 60. Kampuni ikakubali kutengeneza mambo yake. Na mwezi wa Oktoba mwaka huo huo ilikuwa imekwisha kuanza kutoa usimbaji wa mwisho hadi mwisho ulio wa kweli, ila haujiwashi wenyewe: mwenye akaunti sharti auchague. Akiuchagua, mambo mengine hukoma, kama vile kurekodi kwenye hifadhi ya kampuni na kuingia kikaoni kwa simu ya kawaida. Kwa kikao cha kamati huenda hiyo ni hasara. Kwa tiba ya mazungumzo ni faida tupu.

Tujifunze mambo 2 hapa. Kwanza, tusiliamini neno "salama" kwa sababu limeandikwa kwa herufi kubwa. Tuulize ni usalama wa namna gani, na je, umewashwa? Pili, hata ufunguo ulio bora hauifichi bahasha. Kampuni yaweza isijue yaliyosemwa, ila ikajua kwamba simu hii ilizungumza na simu ile ya mshauri, kila Jumanne, kwa saa nzima. Katika kijiji kidogo habari hiyo peke yake yatosha kuanzisha uvumi.

NENO LA 2: NI NINI KINACHOBAKI BAADA YA MAZUNGUMZO?

Hili ndilo neno kubwa katika somo letu, nasi twawaomba mlikumbuke hata mkisahau mengine yote. Mazungumzo yaliyokwisha na yasiyohifadhiwa hayawezi kuibiwa kesho. Lakini kilichohifadhiwa huwangoja wezi kwa miaka.

Na tutazame yaliyotokea katika nchi ya Ufini, ambayo wengi wetu twaijua kwa ajili ya wamisionari wake. Huko palikuwa na kampuni ya tiba ya mazungumzo iliyoitwa Vastaamo, yenye matawi mengi. Washauri wake waliandika habari za wagonjwa, na maandishi hayo yakawekwa katika hifadhi moja ya kompyuta. Hifadhi ile haikulindwa kama ilivyopasa, na maandishi yenyewe hayakusimbwa. Mwaka 2018 mwizi akaingia kwa njia ya intaneti, akayachukua. Wagonjwa hawakujua lo lote mpaka Oktoba 2020. Kwanza mwizi aliidai kampuni fedha, akaanza kuyatangaza maandishi ya wagonjwa kidogo kidogo. Kisha akawaandikia wagonjwa wenyewe, mmoja mmoja, akidai kila mtu euro 200, la sivyo siri zake zitatangazwa. Walioibiwa siri zao walikuwa kama watu 33,000. Mwezi wa Februari 2021 kampuni ikafilisika. Mwezi wa Aprili 2024 mahakama ya wilaya ilimhukumu mtu mmoja kifungo cha miaka 6 na miezi 3. Lakini hakuna mahakama iwezayo kuyarudisha maneno yale mahali yalipotoka.

Huenda msomaji atasema, "Hayo yalikuwa maandishi, hayakuwa video." Ni kweli. Basi na tutazame Uingereza. Mwezi wa Juni 2020 mtu mmoja aliyetumia programu ya uganga ya kampuni ya Babylon alifungua mahali pa kutazama tena mazungumzo yake na daktari, akakuta video za wagonjwa wengine. Hapakuwa na mwizi wo wote. Kampuni ilieleza kwamba ni hitilafu ya programu, nayo ikaitengeneza. Lakini tuone vema: video zile zilionekana kwa sababu zilikuwapo. Kama zisingalihifadhiwa, hitilafu isingalikuwa na kitu cha kuonyesha.

Kwa hiyo, kabla ya kulichagua jukwaa, na tuvihesabu vitu vinavyoweza kubaki. Kuna rekodi ya video. Kuna rekodi ya sauti. Kuna maneno yaliyoandikwa pembeni wakati wa kikao, na faili zilizotumwa. Kuna kalenda, ambayo pengine mtu ameandika humo jina la mgonjwa na neno "tiba", na ofisi nzima huiona. Na siku hizi kuna msaidizi wa akili bandia, ambaye katika majukwaa mengine huingia kikaoni, akayasikiliza yote, akayageuza kuwa maandishi na muhtasari, kisha akautuma kwa barua pepe. Kwa kikao cha kamati ni karani asiyechoka. Katika chumba cha siri ni mgeni asiyealikwa, maana maandishi hutafutwa na kusomwa upesi kuliko video.

Shauri letu ni hili: katika tiba ya mazungumzo, kurekodi kuzimwe tangu mwanzo katika mipango ya akaunti, na msaidizi wa kuandika azimwe pia. Likitokea jambo la haki la kurekodi, kama mafunzo ya mshauri mwanafunzi, mgonjwa aulizwe kwanza, akubali kwa hiari, aambiwe rekodi itakaa wapi na itafutwa siku gani. Mgonjwa akikataa, asinyimwe tiba kwa sababu hiyo. Nayo akaunti ya tiba iwe mbali kabisa na akaunti ya vikao vya ofisi. Kosa letu lilianzia hapo.

NENO LA 3: MWENYE JUKWAA AMEFUNGA MKATABA GANI?

Mtu akiweka mali yake katika ghala la mwingine, huandikiana. Je, siri ya nafsi ina thamani kuliko gunia la kahawa, au haina?

Nchini Marekani iko sheria ya mwaka 1996, ijulikanayo kwa jina la HIPAA, inayowafunga waganga na mashirika ya afya yaliyo chini yake kulinda habari za wagonjwa. Mganga wa namna hiyo akitumia jukwaa la kampuni kwa kazi yake, kampuni hutakiwa kutia sahihi mkataba kwamba nayo itazilinda habari hizo na kutoa taarifa zikivuja. Wakati wa maradhi ya korona, mwezi wa Machi 2020, serikali ililegeza jambo hili ili watu wasikose matibabu. Waganga wakaruhusiwa kutumia hata programu za kawaida, ila si zile zitangazazo video kwa watu wote. Ruhusa ile ilikoma Mei 2023, nao wakapewa mpaka Agosti 2023 kurudi katika sheria. Wengine walijifunza mazoea katika miaka ile ya dharura, nao hawajui hata leo kwamba dharura imekwisha.

Kwetu nasi kuna sheria. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, pamoja na Tume yake. Sheria hiyo huzihesabu habari za afya kuwa taarifa nyeti, nayo ina masharti juu ya kupeleka taarifa za watu nje ya nchi. Kenya ina sheria yake ya mwaka 2019. Basi mshauri wa kwetu asiseme, "Hayo ni mambo ya Wazungu." Hata ofisi ya usharika, ikiandika majina ya wanaoshauriwa, imeshika amana ambayo serikali yaweza kuiuliza habari zake.

Lakini mkataba sharti usomwe, maana jina zuri si agano. Mwezi wa Machi 2023 tume ile ile ya Marekani iliishitaki kampuni ya BetterHelp, iliyo kubwa katika kazi ya kuwaunganisha watu na washauri kwa intaneti. Ilidai kwamba kampuni iliwaahidi watu kutunza siri zao, kisha ikazipa kampuni za matangazo, kama Facebook na Snapchat, anwani zao za barua pepe na habari nyingine zilizoonyesha kwamba wametafuta tiba ya nafsi. Kampuni ilikubali kulipa dola milioni 7.8, pasipo kukiri kosa. Tazameni, hapa hakuna kufuli lililovunjwa. Mlinda ghala mwenyewe ndiye aliyeshitakiwa kuwa ametoa mali kwa mlango wa nyuma.

Kwa hiyo na tuulize: Kampuni hii hupata fedha wapi? Je, yaahidi kwa maandishi kutouza wala kutogawa habari za wagonjwa? Je, hutumia mazungumzo kuifundisha akili bandia yake? Tukitaka kuondoka, vyetu vitafutwa lini? Tusidharau swali hili la mwisho. Skype, ambayo wengi waliitumia kuonana na ndugu walio mbali, ilifungwa Mei 2025. Jukwaa nalo hufa, na yapasa kujua mirathi yake yaenda kwa nani.

NENO LA 4: MLANGO NA CHUMBA

Hapa tutasema kwa ufupi. Jukwaa jema lina chumba cha kungojea, ambamo kila ajaye hukaa mpaka mshauri amfungulie kwa mkono wake. Kiungo cha kikao kiwe kipya kwa kila mgonjwa. Asije mgonjwa wa saa 4 akaingia juu ya maneno ya yule wa saa 3. Akiisha kuingia mgonjwa, mlango wa kikao ufungwe. Mshauri aweke nenosiri refu, na uthibitishaji wa hatua 2, yaani ule unaodai nenosiri na tena namba iletwayo katika simu yake. Programu isasishwe kila mara, maana masasisho huziba matundu yaliyogunduliwa.

Walakini jukwaa lililo imara kuliko yote haliwezi kumzuia shemeji aliyeketi nyuma ya pazia. Siri nyingi hazivujii katika intaneti, huvujia katika ukuta wa mbao. Mshauri auonyeshe mgonjwa chumba chake chote mwanzoni, apate kuamini kwamba hayupo mtu mwingine. Mgonjwa naye atafute mahali pa faragha, atumie visikilizio vya masikioni, na simu iwe yake peke yake, yenye nenosiri asilolijua mtu mwingine. Wapatane juu ya neno moja la kawaida, kama "Leo jua ni kali", ambalo mgonjwa akilisema mshauri atajua kwamba mtu ameingia, nao watageuza mazungumzo. Kwa mwanamke anayepigwa nyumbani neno hilo laweza kuwa kinga yake. Mwisho, mshauri aandike kila mara mgonjwa yuko wapi siku ile, na namba ya mtu wa karibu waliyepatana, ili hatari ikitokea au mtandao ukikatika asibaki akiutazama mkono wake.

BASI TUCHAGUE LIPI?

Wasomaji watatuuliza majina. Twataja machache, si kwa kuyasifu, bali kuonyesha jinsi ya kupima.

WhatsApp iko katika simu za wengi, nayo husimba mwisho hadi mwisho tangu mwaka 2016. Mtandao ukiwa hafifu, bado hujikokota. Upungufu wake ni huu: mshauri na mgonjwa huonana namba, na picha, na hali zao za kila siku. Jumbe zilizoandikwa zaweza kunakiliwa katika hifadhi rudufu, ambayo haikusimbwa kwa namna ile ile mpaka mwenye simu aiwashe. Tena kampuni haitii sahihi ule mkataba wa afya wa Marekani.

Signal ni ya shirika lisilotafuta faida. Husimba mwisho hadi mwisho na kutunza habari chache sana, na tangu mwaka 2024 mtu aweza kutumia jina la kutumia badala ya kuionyesha namba yake. Upungufu wake ni kwamba haikutengenezwa kwa kazi ya uganga, na wagonjwa wengi hawanayo.

Zoom, Google Meet na Microsoft Teams zina akaunti za kulipia ambazo kampuni hukubali kuzitilia mkataba wa afya, nazo zina mipango mingi. Lakini mipango mingi ni milango mingi, na kila mlango sharti ukaguliwe. Mtu asichanganye akaunti ya bure na ile ya kulipia kwa sababu jina ni moja.

Doxy.me ilitengenezwa kwa ajili ya waganga. Mgonjwa hapakui programu wala hafungui akaunti. Hubonyeza kiungo, akakaa katika chumba cha kungojea. Jitsi ni programu ambayo mtu aweza kuisimika kwenye seva yake mwenyewe, asimtegemee mwingine. Ni jambo zuri kwa hospitali yenye fundi hodari. Kwa ofisi isiyo na fundi ni hatari, maana seva isiyotunzwa ni shamba lisilo na ua.

Hakuna lililo bora kwa wote. Mshauri wa hospitali, mwenye wagonjwa wengi na sheria juu yake, atafute lenye mkataba na chumba cha kungojea. Mshauri anayemsaidia mtu mmoja kijijini, pasipo fedha, atafute lenye usimbaji wa mwisho hadi mwisho na lisilohifadhi kitu. Tena tukumbuke vifurushi: saa 1 ya video huweza kula megabaiti mia kadhaa. Jukwaa salama ambalo mgonjwa hawezi kulilipia si tiba kwake. Pengine sauti peke yake, katika programu njema, yafaa kuliko video inayokatika kila dakika. Na lo lote litakalochaguliwa, mgonjwa aelezwe kwa lugha yake mwenyewe hatari zilizobaki, naye aamue. Siri ni yake; sisi ni wachukuzi tu.

NENO LA MWISHO

Sisi wachungaji tumefungwa na kiapo cha kutotoa siri ya mtu aliyekuja kutubu. Kiapo hicho twakijua, nacho twakiogopa. Lakini siku ile ofisini hatukutoa siri kwa kinywa chetu. Tuliitoa kwa kutouliza. Tuliiacha mashine isikilize, kwa sababu ilitusikiliza sisi katika vikao vya fedha pasipo madhara. Waheshimiwa walimu na wazee, uzembe wa namna hii hauna sura mbaya. Una sura ya msaada. Ndiyo maana twauogopa.

Yule mama alirudi kwa mshauri wake. Hakurudi katika ofisi yetu. Ndugu yake alimnunulia simu, na mshauri akamchagulia programu isiyohifadhi kitu, akamweleza kila alama ya kioo. Huzungumza chumbani mwake watoto wakiisha kulala, naye huweka redio nje ya mlango, ikiimba kwa sauti ya kadiri, ili maneno yasipite. Jambo hilo la redio hakufundishwa na mtu, alilibuni mwenyewe. Tulipolisikia tulifurahi, tena tuliona haya, maana yeye aliyeumizwa alifikiri juu ya mlango kuliko sisi tuliompa chumba.

MASWALI YA KUJIFUNZA PAMOJA

1. Katika ofisi ya usharika wetu, ni watu wangapi wafunguao akaunti moja? Je, yuko ajuaye mipango yake yote?

2. Eleza kwa mfano wa barua tofauti ya namna 2 za usimbaji.

3. Kwa nini video za Uingereza zilionekana pasipo mwizi? Jambo hilo latufundisha nini juu ya kurekodi?

4. Mtu akija kwako akitaka kusema na mshauri aliye mbali, utamwuliza maswali gani juu ya simu yake, chumba chake, na watu wa nyumbani mwake?

5. Kama mama yule angalikuuliza wewe, "Ni nani mwingine aliyesikia?" je, ungaliweza kumjibu?